Kura ya viranja: nilivyoisimamia katika shule yetu Molo

Kwa miaka mingi viranja wa shule yetu waliteuliwa katika chumba cha walimu, wakati wa chai ya saa nne. Jina linatajwa, mwalimu mmoja anasema huyo ni mtoto mtulivu, linaandikwa. Wanafunzi hulisikia gwarideni Jumatatu. Mimi nafundisha Historia na Serikali, na nilikuwa nimechoka kuwaeleza Kidato cha Tatu jinsi Mkenya anavyochagua viongozi wake ilhali wao wenyewe hawajawahi kuulizwa lolote.

Mwaka 2023, uchaguzi mkuu ukiwa umepita na vumbi limetulia, niliamua kulishughulikia. Sikumwendea mwalimu mkuu na hotuba. Nilimpelekea Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 56, kinachompa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika bodi ya usimamizi. Nikamuuliza, huyu tunayemteua sisi walimu, akifika kwenye bodi atakuwa anamwakilisha nani? Akacheka, akasema nipange, ila fujo ikitokea ni juu yangu.

Aliyepinga hasa ni naibu wake. "Madam, hawa watachagua wakorofi." Na si kwamba alikuwa anaongea bure. Hapa Molo watu wazima hawauchukulii uchaguzi kwa wepesi. Machafuko ya 1992 na yale ya baada ya kura ya Desemba 2007 yalipita katika mashamba haya haya, na kuna wazazi wetu waliouza ardhi kwa bei ya kutupa wasirudi tena. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba unawaletea watoto kampeni shuleni, atakutazama mara mbili.

Naibu alitaka wapige kura, halafu orodha ya washindi ipite kwake akate majina asiyoyataka. Hapo ndipo tulipovutana kweli. Nilimwambia masharti yote ayaandike sasa, kabla fomu za uteuzi hazijatoka: asiye na kesi ya nidhamu muhula huo, asiye na deni la vitabu, chochote anachotaka. Lakini karatasi ya kwanza ikishaingia kwenye sanduku, hakuna jina litakalokatwa. Aliandika masharti mengi, mengine ya kuchekesha (soksi zilitajwa), yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kwangu huo ndio ulikuwa ushindi mkubwa kuliko kura yenyewe.

Kanuni ya ushindi niliiiba kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 138. Rais wa nchi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Sisi tulikuwa na mikondo minane, yaani madarasa manane, kwa hiyo rais wa wanafunzi alihitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na robo katika mikondo mitano. Nilikuwa na sababu mbili. Kwanza, shuleni kwetu hakuna jamii yenye nusu ya wanafunzi, hivyo anayetegemea watu wa kwao peke yao hafiki popote. Pili, Fomu Fo wana tabia ya kujiona ndio shule, na bila robo hiyo hakuna mgombea angejisumbua kuongea na Fomu Wani. Pia tuliamua rais na naibu wake wawe wa jinsia tofauti.

Kampeni nilizibana. Hakuna peremende, hakuna mandazi, kila mtu dakika tano mbele ya shule nzima kisha maswali. Mgombea mmoja, kijana mwenye ulimi mtamu, aliahidi chapati kila Ijumaa. Makofi hayo! Msichana mdogo wa Fomu Wani akasimama akauliza, "Pesa za unga na mafuta zitatoka wapi?" Kijana akajibu kwamba atazungumza na wahusika. Nilifurahi kupita kiasi, nikajifanya natazama saa.

Vifaa vilikuwa vya kawaida tu. Karatasi za kura tulizikata kutoka mitihani ya zamani, upande usioandikwa. Sanduku lilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia, tumelitoboa kwa wembe na kulifunga kwa selotepu. Wino wa kidole tulichukua kwenye pedi ya muhuri ya ofisi, na hautoki haraka, kuna waliokwenda nao mpaka wikendi.

Lakini kuhesabu ndiko nilikokutilia mkazo. Kila mkondo ulihesabu kura zake darasani mwake, wanafunzi wakiwa wameketi, madirisha wazi, wakala wa kila mgombea amesimama kando ya meza. Msimamizi anakunjua karatasi, anaionyesha kwa wote, anasoma jina, mwingine anachora mstari ubaoni. Katika 3B ilitokea karatasi yenye alama ya vema mbele ya jina la binti mmoja, na chini yake mtu ameandika, "lakini apunguze maringo". Darasa likaangua kicheko. Wakala wa mpinzani akadai kura imeharibika. Wa binti akasema nia ya mpiga kura iko wazi. Waliniita mimi, nikakataa kuamua, nikawaambia wasome kanuni. Walisoma kwa sauti: kura hukataliwa ikiwa haijulikani amechaguliwa nani, au ikiwa imeandikwa kitu cha kumtambulisha aliyeipiga. Wakabishana juu ya mwandiko kwa muda, mwisho wakala mwenyewe akakubali ihesabiwe. Binti mwenyewe alikuwa ameketi pale pale, uso umemwiva.

Hesabu ikiisha, fomu inajazwa: waliosajiliwa, kura zilizokataliwa, kura halali, saini za mawakala. Nakala inabandikwa mlangoni mwa darasa. Ni Fomu 34A hiyo, ile ile inayobandikwa kwenye kituo cha kupigia kura. Watoto walikuwa wanaijua kutoka kwenye runinga, na walikuwa wamesikia jinsi Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilivyofuta uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017. Walizunguka mlango hadi mlango na kalamu, wakijumlisha wenyewe kabla sijatangaza. Kijana wa chapati aliongoza kwa kura lakini hakufikisha nusu, wala hakupata robo katika madarasa ya Fomu Wani. Tukaenda duru ya pili. Binti wa maringo akaungana na mgombea wa tatu, akashinda. Naibu wa mwalimu mkuu hakukata jina.

Sasa, uchaguzi ni siku moja. Baraza lisipokuwa na jambo la kuamua, linakuwa la kupiga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele. Nilimwomba mwalimu mkuu awape ratiba ya chakula cha mchana, ndani ya bajeti iliyopo. Mpishi akawapa bei za mahindi, maharagwe, mchele na kabichi. Walipiga hesabu wakaona wali wa Jumatano unakula pesa za siku mbili, wakaubadilisha kwa githeri yenye viazi, maana viazi Molo ni bei nafuu. Rais alisimama gwarideni kueleza kwa nini, akazomewa, akaendelea kueleza. Na yule kijana wa chapati? Alichaguliwa katibu wa mambo ya chakula, na ndiye aliyekuwa anashika kikokotoo.

Mwaka huu Gredi ya 10 wameingia, kundi la kwanza la CBC, mtaala wa umilisi, katika sekondari ya juu. Uraia ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi katika mtaala huo, na kweli hawa wanauliza maswali bila kubembelezwa. Tayari wamelisukuma baraza lidai kuonyeshwa risiti za pesa za chakula ambazo wazazi wanalipa. Mhasibu aliwaambia walete barua. Barua imeandikwa, nakala yao ina muhuri wa kupokelewa, na bodi inakaa mwezi ujao.