Mnara, simu na pafu la mama

Leo siku ya sita toka mama alazwe, saa hizi kalala, mimi niko pembeni kwenye kiti cha plastiki naandika nimepunguza mwanga wa simu. Nimonia, pafu la kulia, chini. Juzi daktari alinivalisha masikioni kile kifaa chake cha kusikilizia kifua, nikasikia kama mtu anasugua nywele karibu na sikio, krr krr, kila mama akivuta pumzi. Mpaka sasa nausikia ule mlio.

Kinachoniuma ni zile siku nne za nyumbani. Mjomba alishasema ni mnara wa simu wa nyuma ya nyumba, mionzi yake inaua kinga ya mapafu, basi tukahamishia kitanda chumba cha mbele, tukazima waifai, tukampa tangawizi na homa inapanda tu.

Usiku nasoma. Na swali la mjomba watafiti nao wameliuliza kweli. Kwenye vile vifuko vya hewa vya mapafu kuna seli zinaitwa makrofeji, kazi yake kumeza vijidudu, zikizidiwa zinaita neutrofili, aina ya seli nyeupe, kutoka kwenye damu, na yale makohozi mazito niliyokuwa namfuta mama mdomoni ndo mabaki ya hiyo vita. Watu wamepiga seli na panya mawimbi dhaifu ya maikrowevu, jamii moja na haya ya simu, waone kama zitameza zaidi au zitalegea, majibu yanapishana. Halafu enzi za Muungano wa Kisovyeti mawimbi ya megahezi 460 yalitumika kama tiba kwa wagonjwa wa nimonia, kifaa kinaelekezwa kifuani kabisa kipashe joto, kitu kile kile mjomba anachokikimbia! Ila mnara haukusogelei hivo, kikomo cha kimataifa kwa raia ni mwili usifyonze zaidi ya wati 0.08 za mawimbi kwa kila kilo, mara 50 chini ya wati 4 ambazo zinaanza kupandisha joto la mwili. Hata lile onyo la 2011 la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoweka mawimbi ya simu kundi 2B, yaani huenda yanaleta saratani, lilihusu uvimbe wa kichwani, sio mapafu.

Jioni mjomba kaja na chupa ya uji. Nikamweleza yote taratibu, mama kaanza kushuka homa toka aanze sindano. Akanyamaza muda mrefu kashika ile chupa.

"Kwa hiyo ningekubali aletwe Jumatatu..."

Nikamwambia ndio, mjomba.