Usiniandike

Juma hili Neema amepangiwa kidato cha tano Tabora, nami kazini nimehamishiwa idara ya manunuzi kama nilivyotarajia, lakini yote mawili yamepita huku mawazo yangu yakiwa yamebaki kwenye ibada ya jumuiya ya Jumamosi alfajiri, sebuleni kwa mwenyekiti, daftari la ahadi likiwa mapajani mwangu.

Tulikuwa tunachangia mabati ya kanisa, na utaratibu wetu mnaujua: jina linaitwa, mtu anataja kiasi, watu wanapiga makofi, katibu anaandika. Elfu hamsini. Laki moja. Laki mbili, na vigelegele juu yake. Zamu ilipomfikia yule mzee mstaafu wa reli, alisema kwa upole, "Mimi usiniandike, mwanangu." Mwenyekiti akacheka kidogo, akamwambia, "Mzee wetu, hii ni ahadi tu, hakuna anayelipa leo." Mzee akajibu, "Ndiyo maana. Tungekuwa tunalipa leo, ningetoa nilichonacho." Kisha akanyamaza, nami nikaita jina lililofuata.

Nimeyarudia mazungumzo hayo nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala, hata katikati ya kikao cha kukabidhiana ofisi. Kinachonifurahisha ni kwamba hakusema "sina". Sisi wengine tunapokataa hujificha nyuma ya ada ya shule, ugonjwa au mavuno mabaya, hata kama mavuno hayo ni ya mwaka juzi; yeye hakutuomba tumhurumie, wala hakumnyooshea kidole aliyetaja laki. Katika Mathayo 5:37 Bwana Yesu anataka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Mahubiri juu ya "ndiyo" nimeyasikia mengi, lakini "siyo" hatujafundishwa hata namna ya kuipokea mtu anapoitamka mbele yetu.

Baba Neema hakubaliani nami. Anasema mzee ana watoto Dar es Salaam wanaomtumia fedha, na kwamba kusema kweli mbele za watu kwaweza kuwa majivuno sawa na kutaja laki mbili. Huenda. Zaburi ya 15 inamsifu asemaye kweli kwa moyo wake, na moyoni mwa mzee mimi sijaingia. Hata hivyo nilimkumbusha habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume sura ya 5, ambayo tumezoea kuisikia tunapohimizwa kutoa. Petro hakumlaumu Anania kwa kubakiza sehemu ya fedha. Alimwambia kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa mikononi mwake. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuwaacha watu waamini kwamba ameleta zote.

Furaha yangu iliingia doa Alhamisi, mwenyekiti aliponipigia simu akiomba niandike elfu kumi mbele ya jina la mzee, fedha ambazo angezilipa yeye mwenyewe, ili orodha itakaposomwa kanisani Jumapili mzee wa watu asiaibike. Mwenyekiti ni mtu mwema na alisema kwa huruma, kwa hiyo sikuweza kumkasirikia. Nilimwambia kwamba elfu kumi hizo nitaziongeza kwenye jina lake yeye. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Haya, Mama Neema, wewe ndiye mwenye kalamu," kwa sauti ambayo mpaka sasa sijaielewa.

Sasa mstari wa mzee uko mtupu, nami naona kwamba utupu huo utapiga kelele kuliko laki mbili za wenzake: msomaji atafika hapo, atasita, na kanisa zima litageuka kumtazama. Lakini mzee alisema nisimwandike, na jina lake lilikuwa daftarini hata kabla hajafungua kinywa. Usiku huu nitainakili orodha upya bila jina hilo, na mwenyekiti akiuliza nitamweleza.

Mama naye amepiga simu kutoka Rombo: ng'ombe aliyezaa juzi hawezi kusimama, na mtaalamu wa mifugo yuko msibani Mwika. Baba Neema anahofia ni upungufu wa kalisi, ambao haungoji kupambazuke, na simu ya Mama imezimika kabla sijamwuliza kama kuna jirani mwenye namba ya mtaalamu mwingine.