Meza ya Bi Pring

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili naomba tukae na aya mbili tu, Waebrania 5:1-2: "Maana kila kuhani mkuu aliyetwaliwa katika wanadamu amewekwa kwa ajili ya wanadamu katika mambo yamhusuyo Mungu, ili atoe matoleo na dhabihu kwa ajili ya dhambi, awezaye kuwachukulia kwa upole wao wasiojua na wenye kupotea, kwa kuwa yeye mwenyewe yu katika hali ya udhaifu."

Kila nikifika pale penye "kuwachukulia kwa upole", sura inayonijia ni ya padre mfupi, mnene, mashavu yamemjaa hasira, ameketi mezani asubuhi akibishana na mama anayempikia. Padre huyo hakuwahi kuishi. Ni mtu wa kwenye televisheni ya Uingereza, na leo nataka niwaeleze kwa nini nampenda.

Miaka yangu ya kwanza hapa Birmingham nilikuwa nikihudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa bibi kutoka Ireland, mzaliwa wa Mayo, aliyevuka bahari akiwa binti miaka ya 1950 kuja kusomea uuguzi, akazeekea hukuhuku. Jumapili aliletewa Komunyo nyumbani. Akishakaa kimya kidogo na kusali, alinionyesha kwa kidole kabati lililo chini ya televisheni, nami nilijua anataka nini. Alikuwa na kanda za kipindi cha zamani cha vichekesho kiitwacho Bless Me, Father. Ni yale maneno ambayo sisi sote tunaanza nayo tukipiga magoti kwenye kitubio: Unibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa.

Kipindi hicho kilirushwa na kituo cha televisheni cha ITV kuanzia mwaka 1978 hadi 1981, sehemu 21 kwa jumla. Kinahusu parokia ya Mtakatifu Yuda, katika kitongoji cha London kilichobuniwa na mwandishi na kupewa jina Fairwater, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Paroko ni Padre Duddleswell, mtu wa Ireland, mkaidi, mwenye hila ndogondogo za kuikusanyia parokia pesa, na moyo laini anaojitahidi kuuficha. Kwake anapelekwa padre kijana aliyetoka kupadirishwa, Padre Neil Boyd. Jirani yao ni Billy Buzzle, mtu wa kupokea pesa za wanaobeti kwenye mbio za farasi. Kuna Daktari Daley, ambaye hapiti nyumba ya mapadre bila kutupia jicho chupa ya wiski. Kuna Mama Stephen, mkuu wa watawa, ambaye paroko mwenyewe anamwogopa. Na kuna Bi Pring, mama mjane anayeitunza nyumba.

Aliyeigiza kama paroko ni Arthur Lowe. Waingereza walikuwa wanamjua tayari kwa mchezo mwingine uliopendwa mno, ule wa wazee wanaolinda nchi yao wakati wa vita, Dad's Army. Bibi alicheka sana lafudhi yake. Alisema hakuna mtu wa Mayo anayezungumza vile, lakini alimsamehe, kwa sababu usoni mwa yule mtu aliwaona mapadre wa utoto wake. Kisha huongeza, kama anayetaja ndugu, "Alifia hapahapa kwetu." Na ni kweli: Aprili 1982, usiozidi mwaka mmoja tangu kipindi kiishe, Arthur Lowe alianguka akiwa chumba cha kuvalia katika ukumbi wa Alexandra, hapa Birmingham, akijiandaa kupanda jukwaani. Hakupona.

Sasa niende kwenye ile meza.

Ili kuielewa, kumbukeni mfungo wa siku zile. Kabla ya Komunyo watu walifunga tangu saa sita ya usiku, hata tone la maji halikupita. Papa Pius XII aliruhusu maji mwaka 1953, akaufupisha mfungo kuwa wa saa tatu mwaka 1957, na Papa Paulo VI akaufanya kuwa wa saa moja tu mwaka 1964, kama tunavyofanya leo. Kwa hiyo padre wa mwaka 1950 alisoma Misa ya asubuhi tumbo likiwa tupu kabisa, akatoka sakristia akiwa na njaa ya mtu aliyetoka shamba. Anavuka uwanja, anafungua mlango wa nyumba, na pale mezani anamkuta Bi Pring na birika la chai. Tena ni Uingereza iliyotoka vitani, chai yenyewe ikipimwa kwa mgawo wa serikali hadi Oktoba 1952.

Na Bi Pring haogopi. Hapo ndipo kilipo kicheko cha kipindi kizima, na mimi nimekuja kuona kwamba hapo pia ndipo yalipo mafundisho yake. Padre Duddleswell akivimba, yeye humtoboa kwa neno moja. Akipanga hila, yeye ndiye wa kwanza kuijua. Akimwonea yule padre kijana, Bi Pring anasimama upande wa kijana. Paroko hufoka, hutishia, hushinda kwa sauti na kushindwa kwa hoja, kisha hunywa chai yake. Kesho asubuhi wanaanza tena. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwachia padre aamini kwamba mafuta aliyopakwa mikononi yamemwondolea ubinadamu.

Padre kijana anayaona yote hayo. Kisa cha kwanza kabisa kinahusu siku yake ya kwanza kusikiliza maungamo. Amesoma seminari miaka mingi, sheria za Kanisa anazo kichwani, na bado anatetemeka, kwa sababu upande wa pili wa ule wavu kuna mtu halisi anapumua. Upole haufundishwi darasani. Anaupata kwa kuishi nyumba moja na mzee anayekosea mbele yake kila siku na kurudi kanisani kila siku.

Nilipokuwa nikitazama nilimkumbuka Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko. Kilatini kilimshinda hata akarudishwa kutoka seminari. Aliyemshika mkono ni Padre Balley, paroko wa Écully karibu na Lyon, aliyemfundisha nyumbani kwake. Vianney alipopadirishwa mwaka 1815 alirudishwa kwa mzee huyohuyo awe msaidizi wake, na mwanzoni hakupewa hata ruhusa ya kuungamisha. Ruhusa ilipokuja, mtu wa kwanza kupiga magoti mbele yake alikuwa Padre Balley mwenyewe. Fikirini jambo hilo, wapendwa. Mzee aliyemfundisha kila alichojua anamwinamia mwanafunzi wake na kutaja dhambi zake. Miaka ya baadaye watu walikuwa wakisafiri kutoka pande zote za Ufaransa na kungoja siku kadhaa ili waungame kwa Vianney huko Ars, kijiji alichokuwa paroko wake. Mimi naamini somo lake kubwa la kitubio alilipata siku ile moja, kutoka kwa mzee yule. Wala si ajabu Sheria ya Kanisa, kanuni ya 550, inataka ihimizwe namna fulani ya maisha ya pamoja kati ya paroko na wasaidizi wake katika nyumba ya parokia.

Nije kwenye jambo gumu, maana nisipolisema nitakuwa nimewaficha nusu ya habari.

Mwaka 2009 zilitoka ripoti mbili nchini Ireland, moja mwezi Mei na nyingine Novemba. Ya kwanza ilieleza mateso ya watoto katika shule na makao yaliyoendeshwa na mashirika ya kitawa. Ya pili ilieleza jinsi Jimbo Kuu la Dublin lilivyoshughulikia malalamiko dhidi ya mapadre walionajisi watoto, na jinsi yalivyofichwa. Bibi alisoma magazeti kwa siku nyingi bila kusema neno. Jumapili iliyofuata nilipoinama kufungua kabati, akaniambia, "Acha, mwanangu." Kanda zikalala kabatini miezi mingi. Komunyo alipokea. Rozari alisali. Lakini kucheka na mapadre hakuweza.

Nilidhani mambo yameisha hivyo. Kisha, siku moja ya Kwaresima, akaomba nizitoe. Tulipotazama hakucheka kama zamani. Kipindi kilipofika kwenye mabishano ya asubuhi alinyoosha mkono kuelekea Bi Pring akasema, "Huyu. Kule walimkosa huyu."

Nimelitafakari neno hilo zaidi ya miaka kumi. Udhaifu anaousema mwandishi wa Waebrania si kibali cha uovu, na mtu asije akatumia aya hii kumfunikia anayemdhuru mtoto. Udhaifu ule ni ule unaomfanya mtu awe mpole, na mtu huwa mpole pale tu anapokumbushwa kwamba yeye naye ni wa udongo. Nani atamkumbusha padre ikiwa kila anayeingia nyumbani kwake anainama, anaitikia "ndiyo Baba", na kuondoka? Bibi aliona kwamba katika nyumba zile zilizotajwa kwenye ripoti kulikuwa na wapishi, wafuaji na watunza bustani. Walioruhusiwa kusema "hapana, Padre" hawakuwapo, au walisema wakanyamazishwa.

Nasi tujitazame. Mimi nimekulia Kilimanjaro, katika nyumba ambamo jina la padre lilitajwa kwa sauti ya chini. Nikiwa na miaka saba au minane mama alinituma nyumba ya mapadre na chane ya ndizi. Nikamkuta padre nyuma ya jiko, amevaa kandambili, anafua soksi zake kwenye beseni. Nilirudi mbio kama niliyeona siri ya mbinguni. Mama akaniuliza, "Kwani wewe ulidhani anafuliwa na malaika?" Nilicheka, lakini kwa miaka mingi niliendelea kudhani hivyo, na nawajua watu wazima wengi ambao mpaka leo wanadhani hivyo. Tunampigia padre simu saa nane ya usiku kwa ajili ya mgonjwa, na ni haki yetu. Tunalalamika homilia ikiwa ndefu. Kumwuliza kama amekula, au kumwambia kwa heshima kwamba jana pale mbele ya waamini alimsema vibaya yule mama wa kwaya, hapo tunakuwa mabubu.

Aliyebuni visa hivi, Peter De Rosa, alikuwa padre, naye aliuacha upadre mwaka 1970. Visa vyenyewe alivitoa vitabuni kwanza, kwa jina la Neil Boyd, jina lilelile la padre kijana. Baadaye aliandika mambo makali sana juu ya mapapa, na mengi sikubaliani naye. Ila alipoikumbuka nyumba ya parokia, kalamu yake haikuwa na uchungu. Alimpa yule paroko makosa yote, kisha akampenda. Namwombea kila ninapomtaja, maana alinionyesha kitu ambacho wengine waliobaki altareni hawakunionyesha.

Bibi alifariki mwaka 2011, mwezi Novemba, mwezi wa marehemu wote. Nilikuwapo siku mbili kabla. Padre aliyekuja na mafuta ya wagonjwa alikuwa kijana sana, mgeni hapa kama mimi, ametoka kusoma Misa ya tatu siku ile na koti lake limelowa mvua. Mikono yake ilitetemeka akivaa stola. Bibi alimtazama muda mrefu, kisha akaniomba nizime televisheni.

Nilipokuwa natoka nilimsikia akianza, kwa sauti iliyobaki kidogo tu, yale maneno: unibariki, Padre. Nikafunga mlango nyuma yangu, nikaenda jikoni, nikaweka maji ya chai.

Walikaa ndani kama nusu saa. Padre alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alisimama mlangoni pa jikoni kama mtoto asiyejua aende wapi. Nikamwambia, "Padre, keti." Akaketi. Nikamwuliza alikula saa ngapi, akafikiri, asikumbuke. Nikamkata mkate, nikampaka siagi, nikamwambia pia kwamba mvua kama ile haitembelewi bila mwavuli na kwamba akiugua hatatufaa. Alitaka kunijibu, akaacha. Akavuta sahani karibu, akala, na kule chumbani tulimsikia Bibi akicheka.