Mtungi ukiwa moto, geji inakudanganya

Nilipoanza kujaza mitungi ya wazamiaji pale Nungwi, niligombezwa karibu wiki nzima. Jioni najaza, geji inasoma baa 200 (kipimo cha presha, si ile baa ya vinywaji). Asubuhi boti ikikaribia Mnemba, wageni wanafunga vifaa vyao na kukuta 180. Msimamizi akanijia juu: "We kijana, hewa ya watu unampa nani?"

Nikadhani mitungi inavuja. Nikakoroga povu la sabuni, nikapaka kila shingo na kila valvu. Hakuna hata kipovu kimoja kilichotoka.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa kompresa. Alikuja kubadilisha chujio, akanikuta nimeshika kichwa. Akaniambia, "Mwanangu, kabla hujachomoa mpira, weka kiganja hapo ubavuni." Nikaweka, nikautoa mkono mbio, kama nimegusa birika. "Haya, sasa mguse mama." Mama ndiyo mitungi mikubwa ya lita 50 tunayohamishia hewa kutoka kwake. Shingo yake ilikuwa baridi, imetoka jasho la umande.

Mzee alisema ni msuguano wa hewa pale mlangoni. Hapo sikukubaliana naye, ingawa nilinyamaza kwa adabu. Joto linatokana na kubanwa: hewa inayoingia inaisukuma na kuibana iliyotangulia, sawa na pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi. Kwa mama ni kinyume chake. Hewa inayobaki inatanuka huku ikiisukuma nje inayotoka, na kazi hiyo inaimaliza joto.

Kesho yake nilifunga kipimajoto cha jikoni kwa utepe kwenye mtungi uliotoka kujazwa haraka. Kikasoma nyuzi 57. Kwa hesabu hii lazima uongeze 273 ili upate kelvini, yaani joto linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi, basi ni 330. Usiku mtungi ulipoa hadi nyuzi 27, yaani 300. Zidisha 200 kwa 300, gawanya kwa 330: unapata karibu 182. Hewa haikuibwa, ilipoa tu. Zile baa mbili za ziada nadhani ni kwa sababu hewa ya ndani ilikuwa moto kuliko chuma cha nje.

Tangu hapo nafungua valvu kidogo kidogo. Zile baa 150 nilizokuwa nazisukuma kwa dakika tatu, sasa nazipa kumi, ili chuma kipate nafasi ya kutoa joto nje. Nikimaliza naandika kwa chaki saa niliyojaza, naacha mitungi kivulini, na baada ya chakula cha usiku naiongeza hadi 200 ikiwa imepoa. Wenzangu wengine hupitisha mpaka 220 ikiwa moto ili kufidia. Mimi siwezi, maana sijui mtungi huo utapoa au utasahaulika juani. Beseni la maji la kupozea mitungi nalo nililiacha: tone likibaki kwenye mdomo wa valvu, hewa inalisukuma ndani, na mtungi wa chuma unaanza kutu.

Kwa oksijeni ya kuchanganyia nitroksi (hewa ya wazamiaji iliyoongezwa oksijeni), upole huo si wa kutafuta geji sahihi. Ukifungua kwa pupa, joto la kubanwa linaweza kuwasha grisi au mpira wa ndani ya valvu.

Msimamizi hakuniomba radhi. Ila siku hizi akipita stoo, anagusa mtungi kwa kiganja kwanza, ndipo anasoma geji.