Nilivyoitoa hita ya nyuma kwenye HiAce yangu

Kwa miezi mitatu nilikuwa natembea na dumu la maji la lita tano nyuma ya kiti cha dereva. HiAce yangu ni ya mwaka 1998, ya dizeli, injini ya aina ya 3L, na kazi yake ni kushusha kabichi, karoti na plamu kutoka Lushoto hadi Tanga mjini. Kushuka haikuwa na shida. Ilikuwa wakati wa kurudi, gari tupu, napanda kutoka Mombo kwenda Soni, mshale wa joto unavuka nusu na hausimami. Napaki pembeni, nasubiri ipoe, naongeza maji, naendelea.

Gereji ya kwanza walinibadilishia mfuniko wa rejeta. Ya pili wakasema gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, imekufa, nikatafute hela. Sikukubali upesi, kwa sababu oili yangu ilikuwa safi, haijawa kama chai ya maziwa, na injini ikiunguruma maji ya rejeta hayakutoa mapovu. Maji yalikuwa yanapotea, ila si ndani ya injini.

Jibu nililipata nikiwa nafagia. Natoa majani ya kabichi chini ya kiti cha abiria nikakuta zulia limelowa, linateleza kama limemwagiwa mafuta, na lina harufu tamutamu. Pale chini kuna boksi jeusi la hita ya nyuma. Nikapitisha mkono nyuma yake, vidole vikatoka na rangi nyekundu iliyopauka: kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini. Nikaingia uvunguni na tochi. Bomba la chuma linalopanda kuingia sakafuni lilikuwa limevimba kwa kutu, na kwenye maungio yake kumeganda ukoko mweupe kama chumvi ya mashimoni. Tone moja lilikuwa linaning'inia. Nililitazama mpaka likaanguka.

Hita hii inafanya kazi hivi. Maji ya moto yakitoka kwenye injini yanagawanyika: mengine yanakwenda hita ya mbele, mengine yanasafiri kwa mabomba mawili chini ya sakafu hadi nyuma na kurudi. Japani, kwenye mikoa ya theluji, abiria wa nyuma anaihitaji sana. Lakini huko huko barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo ndiyo inayoyala mabomba ya uvunguni. Gari linatufikia likiwa na ugonjwa tayari.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba swichi ya hita yangu inawasha feni tu. Haina koki ya kufunga maji. Kwa hiyo hata uwe Tanga mwezi wa Februari, maji ya moto yanapita ndani ya lile boksi muda wote injini inapowaka. Ndipo nikaelewa kwa nini kreti zilizokaa karibu nalo zilikuwa zinafika sokoni zimenyauka. Iliniuma. Nilikuwa nimewalaumu wavunaji.

Nikaamua kuitoa, na nitoe pia kiyoyozi cha nyuma kilichofungwa darini, maana feni yake ilishakufa na boksi lake lilikuwa linakwaruza kreti za juu. Cha mbele kibaki.

Nilianza na kiyoyozi. Fundi mmoja wa mtaani aliniambia nilegeze nati kidogo, gesi iondoke yenyewe. Nilikataa, na ningemshauri mtu yeyote akatae. Gesi ya R134a, ile ya kiyoyozi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia jichoni au vidoleni inaunguza kwa baridi, na ikipanda hewani inatunza joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa. Nikaenda kwa fundi wa AC mwenye mashine ya kuinyonya. Alipomaliza ndipo tukafungua mabomba mawili ya nyuma: jembamba linalopeleka gesi ikiwa maji, na nene linalorudisha. Akaziba matawi yote mawili kwa vizibo vya nati na oringi (pete za mpira) mpya, akabadilisha kichujio cha unyevu, akavuta hewa kwa zaidi ya nusu saa, kisha akajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani.

"Kaka, ile lebo ya kiasi cha gesi usiifuate," aliniambia. "Pale wamehesabu mbele na nyuma. Tukijaza yote, kompresa itaumia."

Hita niliitoa mwenyewe nyumbani, mimi na mpwa wangu, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Beseni ni lazima. Kulanti ni tamu na ni sumu; mbuzi wa jirani akiilamba anakufa, kwa hiyo hata tone hatukuacha chini. Bolti nne za boksi nilizinyweshea mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na bado mbili zilikatika. Mipira ya maji usiizungushe kwa koleo, utavunja shingo ya bomba. Niliichana kwa wembe kwa urefu, ikafunguka kama ganda la ndizi. Boksi tulilinyanyua midomo ikiwa juu, maana ndani bado kulikuwa na maji mengi. Waya wa feni nikauchomoa kwenye soketi yake, nikaufunga tepu, nikatoa na fyuzi.

Hapa ndipo watu hukosea. Wanaunganisha ile mipira miwili kule kule nyuma kwa kipande cha mpira, mabomba mabovu yanabaki uvunguni na maji yanaendelea kupita. Mimi nilifuata mabomba hadi mbele, yanapoachana na njia ya hita ya mbele, nikatoa T zote mbili, yaani viungio vya njia tatu, na kuweka viunganishi vya shaba vilivyonyooka vya milimita 16, na klempu mpya za skrubu. Mpira uwe wa maji ya moto ya gari. Ule wa bustani unalainika, siku moja unapasuka mlimani.

Matundu ya sakafu tuliyaziba kwa vipande vya bati, ribiti na silikoni. Usiyaache, moshi wa ekzosi huingia humo.

Kujaza maji kulitaka subira kuliko kufungua bolti. Tulipaki pua ya gari ikiangalia mlima, kitasa cha hita ya mbele kikiwa kwenye moto, mfuniko wa rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi. Tukawasha, tukawa tunaongeza kulanti kidogo kidogo. Mapovu yalitoka, yakakata, yakatoka tena. Tulipoona yamekwisha na hita ya mbele inapuliza moto kweli, tukafunga.

Nilichora mstari wa peni kwenye chupa ya akiba ya maji. Nimeshapanda Soni mara nne tangu hapo. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, naangalia: maji yapo palepale kwenye mstari. Lile dumu mpwa wangu amelichukua, anamwagilia miche ya karoti.