Siku Moja Maishani Mwangu: Mataya ya Watoto Katika Mashine ya CT

Saa 1:00 asubuhi. Naipasha moto mashine ya CT, inayopiga mwili picha za eksirei kipande kwa kipande, kisha napiga picha ya chombo cha maji. Katika kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha jinsi kitu kinavyozuia mionzi, maji husoma 0, hewa -1000, na mfupa mgumu huweza kupita 1000. Maji yakisoma vingine, hakuna mtoto atakayelazwa kwenye kitanda hiki.

Saa 2:00. Napitia fomu za rufaa, kazi inayodharauliwa ingawa ndiyo inayomwepusha mtoto na mionzi asiyoihitaji, kwani seli zake bado zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele ambamo madhara yanaweza kujitokeza. Fomu moja nairudisha: jino lililokwama tayani laweza kuonekana vya kutosha kwa eksirei ya kawaida.

Saa 3:30. Anaingia msichana wa miaka minane aliyeanguka kutoka juu ya mwembe alipokuwa mdogo, ambaye sasa kinywa chake hakifunguki kupita upana wa kidole.

"Dokta, naomba nibaki naye."

"Sawa, mama. Je, una ujauzito?"

Hana, basi namvisha vazi la madini ya risasi linalozuia mionzi. Mtoto tunamfundisha kutulia, kwa kuwa picha huchukua sekunde chache tu, na kumlaza usingizi kwa dawa mtoto asiyeweza kufumbua kinywa ni hatari yenyewe. Napunguza mionzi kulingana na umbo lake na kupiga mara moja tu. Vipande vyembamba vinadhihirisha kile ambacho eksirei, inayopandanisha mifupa, ingekificha: upande wa kulia, kichwa cha taya kimeungana na fuvu.

Saa 7:00 mchana. Mvulana wa miaka mitano ana shavu lililovimba na meno yanayolegea. Tunashuku limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili, iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt kutokana na watoto aliowatibu Uganda. Picha inaonyesha mfupa ulivyoliwa na uvimbe ulivyopanda hadi tundu la jicho, lakini jina la ugonjwa litatolewa na maabara baada ya kuchukuliwa sampuli. Kwa kuwa uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, daktari bingwa wa radiolojia, anayezisoma picha hizi, anampigia simu daktari wa watoto papo hapo.

Saa 10:00. Daktari wa upasuaji anaizungusha picha ya pande tatu ya yule msichana, akitafuta umbali kati ya mfupa ulioungana na mshipa wa damu upitao nyuma ya taya. Anaomba pia upana wa njia ya hewa, kwa ajili ya mtaalamu wa usingizi. Napima vyote viwili na kuviandika kwenye picha.