Hodi ya seli, na mtoto wa Kadutu

Bukavu, Jumapili usiku. Mvua haijakatika tangu saa kumi, umeme umeenda, naandika kwa mwanga wa simu.

Yule mtoto wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, aliruhusiwa jana kutoka hospitali. Alipoletwa kwetu miguu ilikuwa imevimba kwa kwashiorkor, ule utapiamlo mkali, nywele zimebadilika rangi, hana hata nguvu ya kulia. Jana alikuwa akinyoosha mkono apewe bugali. Wenzangu walipiga vigelegele. Nilifurahi nao, ila fikira zangu zilikuwa kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo: thaimasi.

Mpaka Jacques Miller alipoonyesha kazi yake kwa panya mwaka 1961, wengi waliiona tezi isiyo na faida. Kumbe humo ndimo zinamolelewa seli T, askari wa kinga ya mwili. Seli changa hutoka kwenye uboho ikiwa bado haijaamuliwa itakuwa nini. Ikifika, kipokezi chake cha Notch1, yaani sehemu ya juu ya seli inayopokea ujumbe, hukutana na seli za tezi, na agizo hupenya hadi ndani ya kiini: uwe seli T. Bila agizo hilo ingeelekea kuwa seli B, aina nyingine ya seli za kinga. Baadaye hujitengenezea kipokezi kingine, chake yenyewe, na hapa ndipo hustaajabu kila nikisoma. Inapita ikibisha hodi kwa seli za wenyeji. Isipoitikiwa, inakufa. Ikiitikiwa kwa nguvu mno, kwa kawaida inakufa pia, maana ingekuja kuushambulia mwili wenyewe. Hupona ile iliyoitikiwa kwa kiasi. Katika kila 100, zaidi ya 90 hazitoki humo hai.

Njaa huisinyaza tezi hii vibaya sana. Lishe ikirudi nayo hukua tena, lakini huchelewa nyuma ya uzito kwa wiki kadhaa. Mizani inasema mtoto amepona, na ndani hodi zinabishwa kwenye nyumba ambayo bado haijajaa watu.

Nilimwambia mama yake asimpeleke penye mtoto mwenye surua, aendelee kumpa sambaza, wale samaki wadogo, na maharagwe, na kikitokea kikohozi au homa asingoje kesho.

“Lakini si amenona, munganga?”

“Amenona, mama. Bado kuna kitu ndani hakijanona.”

Aliniangalia kwa muda mrefu, akamfunga mtoto mgongoni. Nimempa Jumatano ya wiki ijayo arudi. Nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye kadi ya chanjo.